Jiko la pili la kamado, dogo: mkeo ameuliza vizuri

Swali: Shikamoo mzee. Tuko Columbus, Ohio, familia ya watu wanne. Huu ni mwaka wa tatu nina jiko la mkaa la kauri, kamado ya inchi 18, na nalipenda sana. Sasa natamani kuongeza dogo la inchi 13. Mke wangu anauliza: jiko moja linachoma, linaoka, linatia nyama moshi, hilo la pili litafanya nini ambacho la kwanza halifanyi? Mwezi wa tano binti yetu anahitimu sekondari na tunategemea wageni 25. Nilidhani hiyo ndiyo sababu yangu, lakini hajaridhika. Nimjibu vipi?

Marahaba. Mkeo ana haki ya kutoridhika, maana umempa sababu iliyo dhaifu kuliko zote. Mahafali hayahitaji jiko la pili. Wageni 25 wa siku moja utawalisha kwa hilo hilo ulilonalo, na mwishoni nitakupangia saa kwa saa. Jiko dogo ni la Jumanne jioni. Umerudi kazini saa kumi na mbili, watoto wana njaa, kwenye friji kuna robo tatu ya kilo ya nyama iliyolala na tangawizi na papai bichi. Unalitazama jiko lako kubwa kupitia dirishani, unapiga hesabu ya kulipasha, unageuka na kuwasha jiko la gesi la ndani. Ikiwa jioni za namna hiyo unazo, endelea kusoma. Kama huna, fedha yako ibaki mfukoni.

Nimepika kwenye majiko haya kwa zaidi ya miaka 15 hapa Georgia, nyumbani na kwenye harusi na aqiqa za watu wetu, na swali lako naulizwa kila majira ya joto yanapokaribia. Wengi huanza na ukubwa: hili linabeba kuku wangapi, lile wangapi. Mimi naomba uanze na moto, kwa sababu ukubwa utajieleza wenyewe baadaye.

Kamado ni chungu kinene cha kauri chenye kifuniko. Makaa yamekaa tumboni, hewa inaingia kwa mlango wa chini na kutokea kwenye tundu la juu, na kazi yako ni kuamua ipite kiasi gani. Unene wa ule udongo ndio unaoleta raha yote. Joto linarudi kutoka ubavuni na kutoka juu, kama bibi zetu walivyopata walipopalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria ya wali, ila hapa juu hakuna makaa, ni udongo wenyewe unaorudisha joto. Hewa inayopita ni kidogo, kwa hiyo nyama haikauki. Ukishatulia kwenye nyuzijoto 120, yaani 250 kwa kipimo cha Farenihaiti kilicho kwenye kifuniko chako, unaweza kwenda kulala.

Udongo huo huo, hata hivyo, ni mzito kugeuka. Kupanda ni rahisi: kutoka 120 hadi 260 ni kufungua hewa na kungoja dakika 15 au 20. Kushuka ni habari nyingine. Kutoka 260 kurudi 120 huchukua zaidi ya saa nzima, hata ukibana hewa mpaka moto ukakaribia kuzimika, kwa kuwa wakati huo anayepika si makaa tena, ni zile kuta. Ndiyo maana kamado moja ina moto mmoja. Unaweza kuongeza ghorofa ya wavu, ukapanga kuku juu na mahindi chini, lakini vyote vitaishi kwenye joto moja mpaka wewe uamue kupanda.

Nililijua hili kwa gharama. Mwaka wa pili tangu ninunue jiko langu la kwanza, mguu wa mbuzi ulikuwa ndani kwa joto la chini, bamba la kinga, lile la kauri linalozuia moto usiiguse nyama moja kwa moja, likiwa mahali pake juu ya makaa. Wageni wakafika mapema, watoto wakataka mishkaki. Nikaona si neno, nitatoa mguu dakika chache, niondoe bamba, nichome mishkaki, kisha nirudishe. Nililiinua bamba kwa glavu nene na kulilaza kwenye sakafu ya mbao ya uani. Likaunguza mviringo mweusi. Nikalihamishia kwenye majani yenye umande, likapasuka vipande viwili. Wakati huo kifuniko kilikuwa wazi, makaa yamepata hewa kwa dakika tano nzima, na nilipofunga kipimo kilikuwa kinapita 230. Mishkaki ilitoka vizuri. Mguu wa mbuzi niliurudisha bila kinga kwenye joto ambalo halikutaka kushuka, ukawa mkaa nje na mgumu ndani. Nafasi ya kupikia nilikuwa nayo tele siku ile. Nilichokosa ni moto wa pili.

Sasa mpeleke mkeo kwenye jiko la mama yake. Nyumbani kwetu Tanga palikuwa na seredani kubwa ya pilau na ndogo ya chai, na sikuwahi kusikia mtu akiuliza ya pili ni ya nini. Nairobi vilevile: yale majiko ya koti la bati na tumbo la udongo, yanayofuliwa Shauri Moyo na kwingineko tangu miaka ya 1980, huuzwa kwa saizi tofauti, na nyumba nyingi zina zaidi ya moja. Huwashi jiko la maharage ya watu kumi ili uchemshe kikombe cha maziwa ya mtoto. Tulilijua hilo tangu zamani. Tulipofika Marekani tukanunua jiko moja kubwa la bei kubwa, tukadhani bei ndiyo inayotosheleza.

Kuna jambo la kihistoria ambalo hunifurahisha kila nikilisimulia. Katika Kijapani, kamado ni jiko la kupikia la kujengwa, mahali pa kuketisha chungu. Vyungu vya duara vya udongo vyenye vifuniko, ambavyo wanajeshi wa Marekani walivikuta Japani baada ya Vita Kuu ya Pili na kurudi navyo, vilikuwa vya kupikia wali. Mwaka 1974 Ed Fisher alianza kuyauza majiko ya namna hiyo katika duka lake Atlanta, na humo ndimo ilimozaliwa kampuni ya Big Green Egg. Udongo wa zamani ulikuwa ukipasuka. Kauri imara zaidi ilikuja baadaye. Kamado Joe ikaanza mwaka 2009, nayo hapa hapa Georgia, na Primo wenye majiko ya umbo la yai lililolala nao walianzia karibu na Atlanta. Kwa hiyo hicho chungu unachokitamani kiko karibu zaidi na asili ya jiko hili kuliko hilo kubwa ulilonalo. Kubwa ndilo lililokuja kwa ajili ya nyama za Wamarekani.

Turudi Jumanne. Watu watakwambia dogo linaokoa mkaa. Fanya hesabu nami. Big Green Egg ya inchi 18 ina uzito wa kilo 73 hivi. MiniMax yao, ambayo ni ya inchi 13, ni kilo 35 hivi. Kauri hunywa takriban kilojouli 0.9 kwa kila kilo kwa kila nyuzi moja unayopanda. Tuseme udongo wote umepanda nyuzi 200: kubwa limekunywa karibu megajouli 13, dogo zaidi kidogo ya 6. Kilo moja ya mkaa mzuri inatoa megajouli 29 hivi. Maana yake ni kwamba kulipasha kubwa kunakula chini ya nusu kilo ya mkaa, na dogo chini ya robo. Na hapo nimelionea kubwa, kwa kuwa upande wa nje wa ukuta haufiki joto hilo. Tofauti ni robo kilo ya mkaa, pengine pungufu. Tena mkaa unaobaki kwenye kamado haupotei. Unafunga chini na juu, unazimika kwa kukosa hewa, na kesho unautikisa majivu yadondoke, unaongeza kidogo, unawasha palepale. Kwa hiyo usimwambie mkeo habari ya kuokoa mkaa. Akikaa na kalamu atakushinda.

Kinachookolewa ni muda. Jiko langu kubwa, kutoka baridi mpaka kuta zitulie kwenye joto la kuchomea, linanichukua dakika 35 hadi 45. Dogo ni dakika 15 hadi 20. Ukirudi kazini saa kumi na mbili, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama watoto watakula mishkaki au watakula tambi. Mimi naona aibu kukiri ni mara ngapi kubwa langu lilikaa wiki nzima chini ya turubai kabla sijapata dogo. Baada ya kupata dogo, moto unawaka nyumbani kwangu mara tatu au nne kwa wiki, hata wakati wa baridi, na kubwa linangoja Jumamosi bila kinyongo.

Halafu kuna vyakula vinavyotaka mioto miwili kwa wakati mmoja, na vingi ni vyetu. Samaki wa kupaka ni mfano mzuri. Samaki anataka moto mkali kwanza, ngozi ikaze na kuachana na wavu, huku tui zito la nazi na ukwaju na pilipili likichemka taratibu pembeni bila kukatika. Kisha unapaka, unageuza, unapaka tena. Kwenye jiko moja unapika mchuzi ndani ya nyumba na kukimbia na sufuria. Kwenye mawili, chungu cha mchuzi kimekaa kwenye kubwa kwa joto la chini, kikinywa moshi kidogo, samaki wako kwenye dogo, na wewe umesimama katikati na brashi. Kuku wa kupaka ni hivyo hivyo. Na mkate: weka jiwe la kuokea kwenye dogo, lifikishe 290, utapata mkate wenye madoa meusi chini na pumzi ndani kwa dakika tatu au nne. Sitauita mofa, kwa kuwa mofa hubandikwa ukutani mwa tanuri, lakini harufu yake itamwamsha mtu wa Lamu aliyelala.

Sasa ukubwa. Inchi 13 ni duara la sentimita 33. Ukilinganisha na inchi 18, upana umepungua kwa zaidi kidogo ya robo, lakini eneo la kupikia limepungua karibu nusu. Watu wengi husahau hilo. Kuku mmoja aliyepasuliwa mgongoni na kulazwa bapa anaingia, kwa kujibana. Samaki wawili wa sahani. Mishkaki 10 hadi 12 ya vijiti vifupi. Sikiliza hapo kwenye vijiti: vyuma virefu vya mishkaki tunavyobeba kutoka nyumbani havitaingia kifuniko kikifungwa, na kamado iliyo wazi si kamado, ni shimo la moto. Tumia vijiti vya mianzi visivyozidi sentimita 25 pamoja na mkia wake, vilivyoloweshwa. Kikaango cha chuma cha inchi 10 kinakaa, ila mpini wake utakusumbua. Sufuria ndogo ya chuma yenye masikio mawili ni bora zaidi. Wewe una watu wanne. Inchi 13 ni jiko la watu wanne hasa. Mngekuwa saba ningekwambia habari nyingine. Zipo za inchi 10 pia. Usizitazame, tumbo lake ni dogo mno, hewa inakwama, na utachoka nalo kabla ya mwezi kwisha.

Dogo lina tabia zake, na usipoziheshimu utalilaumu bure. Ya kwanza ni kwamba lina haraka. Kwenye kubwa ukisogeza mlango wa chini upana wa kidole, joto linakwenda polepole na una muda wa kujirekebisha. Kwenye dogo, mwendo huo huo wa kidole ni tofauti ya nyuzi 50 kabla hujamaliza kukoroga chai. Sogeza kwa upana wa ukucha, ngoja dakika tano, ndipo uguse tena. Na anza kubana mapema: ukitaka 180, funga kidogo ikifika 150. Ukilipita lengo, utangoja, maana hata dogo nalo ni udongo.

Ya pili ni mkaa wenyewe. Tumia mkaa wa miti halisi, ule wa vipande visivyolingana kama wa gunia la nyumbani, usitumie ule uliosagwa na kubanwa kuwa vitufe. Wa vitufe una majivu mengi, na kwenye tumbo dogo majivu yanaziba matundu ya chini kabla nyama haijaiva. Lakini mifuko ya hapa ina vipande vikubwa kama goti. Hivyo weka kwenye jiko kubwa. Kwa dogo vunja mpaka viwe kama yai la kuku, panga vikubwa kidogo chini na vidogo juu, hewa ipite. Mafuta ya kuwashia usiyakaribishe kabisa kwenye kauri, yananywewa na udongo na utayaonja kwenye chakula. Kipande cha nta na vumbi la mbao, au karatasi na vijiti kama mama alivyofanya, vinatosha.

Ya tatu: kipimajoto cha kwenye kifuniko. Kwenye dogo sindano yake inafika karibu na nyama, mara nyingine inaichoma kabisa, na hapo kinakupa joto la kuku na si la jiko. Mara nyingi nimeona watu wakifungua hewa kwa hasira wakidhani moto umekufa, kumbe sindano iko kwenye paja. Nunua kipimo cha mkono cha kuchomeka kwenye chakula. Kuku afike 74 katikati ya paja, nyama ya kusaga 71. Hivyo ndivyo viwango vya usalama vya idara ya kilimo ya Marekani, na havina mjadala ukilisha watoto wa watu.

Je, dogo linaweza kupika saa nyingi kwa joto la chini? Linaweza. Nimefanya bega la kondoo la kilo mbili kwa saa saba bila kuongeza mkaa. Lakini lazima ulijaze mpaka ukingo wa tumbo, bamba la kinga linakula nafasi, na kosa dogo la hewa unalilipia. Kama ndoto yako ni nyama za usiku kucha, hiyo kazi unayo tayari kwenye inchi 18. Usinunue dogo ili lifanye vibaya kile ambacho kubwa hukifanya vizuri.

Sasa nataka tuzungumze polepole, kwa sababu hapa si suala la ladha. Jiko dogo lina hatari moja ambayo kubwa halina: linabebeka. Ohio ina baridi, na sisi tumekulia na seredani ndani ya nyumba, kwenye vyumba vyenye madirisha wazi na paa linalopitisha hewa. Nyumba za hapa zimezibwa. Mkaa unaowaka, hata uliofunikwa, hata unaoonekana umezimika, unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Februari 2021, baridi kali ilipokata umeme Texas, watu walikufa kwa gesi hiyo baada ya kutafuta joto kwa mkaa, jenereta na magari mahali palipofungwa. Jiko hili lisiingie ndani ya nyumba likiwa na moto, wala gereji hata mlango ukiwa wazi, wala kwenye hema. Likizimwa liache nje mpaka kesho yake. Mwambie mkeo, waambie watoto, mwambie na mgeni atakayejitolea kukusaidia kulisogeza.

Hukuniambia mnaishi nyumba ya peke yenu au ghorofa ya kupanga. Kama ni ghorofa, soma mkataba kwanza. Sehemu nyingi za Marekani zinafuata kanuni ya zimamoto inayokataza jiko la mkaa kwenye roshani ya mbao, au ndani ya futi 10, yaani mita 3, kutoka kwenye jengo linaloweza kuungua. Nyumba za familia moja au mbili zimeachwa nje ya kanuni hiyo. Udogo wa jiko haubadilishi kitu. Wapo jamaa walionunua dogo wakidhani litaruhusiwa kwenye roshani, likaishia kukaa kabatini.

Hapohapo kwenye kubebeka, usidanganywe na picha za watu wakiwa nalo ufukweni. Kilo 35 za kauri ni mzigo wa watu wawili wenye mgongo mzima, na likianguka halipindi kama bati, linavunjika. Ukienda nalo bustanini, litangulize likiwa baridi kabisa, toa tumbo la ndani na bamba ulifunge kwa taulo, na ujue utaondoka mwisho kuliko wote, maana lazima lipoe kabla ya kuingia kwenye gari. Usilimwagie maji. Mimi nalipeleka bustanini mara mbili kwa mwaka, basi. Ikiwa safari ndiyo sababu yako kuu, jiko la bati litakufaa zaidi.

Na uso wako: kamado yoyote ikiwa juu ya nyuzi 200 na imebanwa hewa, usiinue kifuniko kwa mara moja. Makaa yana njaa ya hewa na yatairukia. Inua upana wa vidole viwili, hesabu mpaka kumi, kisha fungua. Unalijua hilo kwenye kubwa, lakini dogo hukaa chini, na mtu huinama juu yake. Liwekee meza imara isiyoungua, lifike kiunoni.

Kuhusu kuchagua, sina mengi. Big Green Egg wana MiniMax, Kamado Joe wana Joe Jr, zote za inchi 13 na zaidi kidogo, na zote zinapika. Kama lako kubwa ni la kampuni fulani, usijifunge kuchukua dogo la kampuni hiyo hiyo. Vifaa havibadilishani kwa kuwa saizi ni tofauti. Bei haishuki sikuzote kwa kadiri eneo linavyoshuka, kwa hiyo tazama yaliyotumika. Mtu anahama, hawezi kubeba, anauza. Kagua kifuniko na mwili kwa mwanga wa tochi: michirizi myembamba kwenye rangi ya nje haina ubaya, ufa unaopita mpaka ndani una ubaya. Chumba cha makaa cha ndani kikiwa na ufa, mara nyingi jiko linaendelea kufanya kazi, ila tumia hilo kupunguza bei. Tazama gasketi, ule ukanda wa kuziba kati ya kifuniko na mwili, kama imeungua. Na kumbuka dhamana ya kauri kwa kawaida ni ya mnunuzi wa kwanza aliyejiandikisha. Ukinunua mkononi, haihamii kwako.

Nani asinunue? Anayetaka nafasi zaidi ya kupikia: huyo anunue wavu wa ghorofa. Anayepika nje Jumamosi tu. Aliye na uani finyu. Na yule ambaye hajawahi kuacha kuwasha jiko kubwa kwa sababu ya muda. Kabla hujaenda dukani, kwa wiki nne andika kwenye karatasi iliyobandikwa frijini kila siku uliyotaka kuchoma kitu ukaghairi. Mwache mkeo aisome karatasi hiyo. Zikifika siku sita, hutahitaji hoja nyingine. Zikiwa mbili, yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Sasa mahafali, kwa jiko moja, maana nilikuahidi. Siri ni kupanda tu, bila kushuka. Tuchukulie wageni wanafika saa kumi jioni. Nunua kidari kizima cha ng'ombe cha kilo sita hivi, kikolee chumvi na pilipili manga na kitunguu saumu tangu jana yake. Saa sita usiku washa sehemu moja tu katikati ya mkaa uliojaa, bamba la kinga ndani, tulia kwenye 120. Saa saba weka nyama, kalale. Asubuhi utakuta joto la ndani ya nyama limegoma kati ya 65 na 75 kwa saa kadhaa. Ni maji yanayotoka juu ya nyama na kuipoza, kama jasho. Usiogope wala usiongeze moto. Kifunge kwa karatasi ya bucha ukiona rangi imekolea. Kati ya saa saba na saa nane mchana kitakuwa kimefika 95 na sindano itapita kama kwenye siagi. Kitoe, kiviringishe taulo, kilaze kwenye kasha la barafu lisilo na barafu, ufunike. Kitakaa juu ya nyuzi 60, salama na laini, saa tatu au hata nne.

Saa nane jiko lako liko tupu, bado lina 120. Toa bamba kwa glavu, na uwe umeandaa tofali mbili kavu za kulilaza. Tikisa majivu, ongeza mkaa, fungua hewa. Saa tisa na nusu uko 180: panga mapaja ya kuku, dakika 40. Saa kumi na robo, wakati watu wanasalimiana na binti anapigwa picha na kofia yake, fungua zaidi, panda mpaka 260, na mishkaki iingie kwa mafungu ya dakika nane nane, kijana mmoja akigeuza na mwingine akipokea sinia. Kidari unakikata mezani, mbele yao, kwa kisu kirefu, kukata mishipa ya nyama na si kuifuata.

Kama wakati huo dogo litakuwa limeshafika nyumbani kwa sababu ya Jumanne zako, liweke pembeni tangu saa tisa kwa ajili ya mahindi na vyakula vya watoto, na umpe binti mwenyewe alisimamie.